Ruti za mikate Moshi: lini nisimame kaunta, lini nichukue namba

Saa kumi na moja kasoro alfajiri, kirikuu mbili zimeshapakiwa, dereva amesimama mlangoni: "Mtaalamu, ruti iko wapi? Maduka yanafunguliwa." Ruti sikuwa nayo. Kwenye skrini kulikuwa na kosa 504, yaani seva imechoka kungoja jibu.

Nasimamia programu ya usambazaji ya bekari moja hapa Moshi. Tuna maduka 54, kuanzia Majengo na Pasua hadi Himo, mengine juu Kibosho. Ruti zinapangwa na huduma ya kulipia ya mtandaoni ambayo sitaitaja jina. Ina milango miwili. Kwenye ombi la sinkronasi unatuma maduka yako na laini inabaki wazi mpaka jibu lije. Kwenye asinkronasi unaacha kazi, unapewa namba, unarudi kuulizia, kama unavyoacha kitambaa kwa fundi cherehani.

Mwanzoni nilitumia sinkronasi kwa kila kitu, maana ni rahisi kuiandikia programu. Tukiwa na maduka 20 sikuona shida. Tulipoongezeka ndipo ikaanza kukatika. Maduka 10 tu yanaweza kufuatana kwa namna 3,628,800, na hapo hujagusa gari lipi liende wapi wala duka lipi linataka mkate kabla ya saa moja. Huduma haijaribu mipangilio yote. Inaanza na unaofaa kiasi, kisha inauboresha kidogo kidogo, na hilo linataka muda. Lakini seva ya mbele, ile inayopokea maombi na kuyapitisha kwa seva ya nyuma inayopiga hesabu, haina subira hiyo: nginx, programu moja ya seva za aina hiyo, isipobadilishwa mipangilio, hungoja sekunde 60 bila kupokea kitu kutoka seva ya nyuma, kisha hukata na kukurudishia 504.

Kilichoniuma ni kwamba kukatika kwa laini hakukusimamisha hesabu. Programu yangu iliona kosa, ikatuma tena, na tena. Kule nyuma kazi zote tatu ziliendelea, na zote tatu nikalipishwa. Madereva waliondoka na ruti ya jana.

Sasa mpango wa alfajiri unapita asinkronasi. Natuma saa tisa usiku, ndani ya sekunde moja napata jibu 202, yaani kazi imepokelewa, lenye namba ya kazi, naiandika kwenye faili, kisha programu inaulizia kila baada ya sekunde 5. Umeme ukikatika, namba ninayo. Ukirudi naendelea kuulizia kazi ileile, sianzi upya. Huduma inaweza pia kukuita yenyewe ikimaliza, ila inahitaji anwani inayofikika kutoka nje, na kompyuta ya bekari iko nyuma ya rauta ya kawaida.

Jambo moja lichunge sana: mtandao unaweza kukatika baada ya kazi kupokelewa lakini kabla namba haijakufikia. Ukituma tena bila alama yako ya kipekee, umefungua kazi ya pili. Mimi naambatanisha tarehe na zamu. Seva ikiiona alama hiyo mara ya pili, inanirudishia namba ileile.

Sinkronasi sikuitupa. Dereva akipiga simu kutoka Rau kwamba duka limefungwa, yamebaki maduka matano, jibu linakuja kabla hajarudisha simu mfukoni. Wiki moja nilipitisha hata maombi hayo kwenye asinkronasi, na dereva akawa anasimama pembeni ya barabara akingoja kitu ambacho hesabu yake ni ya kufumba na kufumbua. Nikayarudisha. Mpaka wangu ni maduka 12. Zaidi ya hapo, nachukua namba.

Ramani ya huduma hii inatoka OpenStreetMap, ramani huria ya mtandaoni, na kwa mjini ni nzuri. Njia za Kibosho wakati wa masika ni suala jingine, huwa nazifunga mwenyewe kwa mkono.

Huduma hii nimeipa nyota nne kati ya tano. Ya tano nimeizuia kwa sababu maelekezo yao hayasemi popote kwamba ombi la kusubiri lina ukomo wa sekunde, na mteja anayelipa alistahili kuambiwa hilo kabla ya bili.