Hifadhi ya Sagarmatha, Nepal: ukitaka wanyama, shika njia ya Phortse

Novemba nilikaa siku 11 ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Sagarmatha. Siku tatu za kijiji cha Phortse peke yake zinatosha kunirudisha.

Langoni Monjo kiingilio ni rupia 3,000. Kibali cha halmashauri ya Khumbu kinalipiwa kando. Ukishavuka mto Dudh Koshi kwenye daraja refu linaloning'inia, unaanza kupanda hadi mji mdogo wa Namche, mita 3,440 juu ya usawa wa bahari. Lala hapo siku mbili mwili uzoee hewa nyepesi ya juu, hata ukijiona mzima. Mimi usiku wa kwanza kichwa kilinigonga mpaka alfajiri. Kaka wa Kisherpa, mwenyeji wa milima hii, aliyeniongoza alinipa supu ya kitunguu saumu, maji mengi na neno moja aliloniambia njia nzima: bistari, taratibu.

Kutoka Namche, watu wengi hushika njia ya kambi ya chini ya Everest. Ni msururu wa wapandaji na yak (ng'ombe wa milimani wenye manyoya marefu) waliobeba mizigo, na helikopta zinapita juu ya bonde tangu asubuhi. Kelele hizo ndizo kasoro kubwa niliyoiona. Sisi tulichepuka Sanasa, tukapanda Mong La, tukashuka hadi mtoni na kupanda tena. Magoti yalilalamika, lakini njia ilikuwa kimya.

Phortse ni kijiji cha Washerpa chenye mashamba ya viazi yaliyozungushiwa kuta za mawe. Viazi vilikuwa vimeshavunwa, na danphe sita walikuwa shambani wakifukua udongo kwa midomo yao. Huyu ndiye ndege wa taifa wa Nepal, jamaa ya kwale. Dume akigeuka juani, shingo inakuwa shaba, mgongo unakuwa kijani, halafu zambarau. Nilisimama pale mpaka chai yangu ikapoa. Juu ya kijiji, tahr, mbuzi-mwitu wa Himalaya, walikuwa wakila majani kwenye magenge ambayo mimi hata kuyatazama kuliniogopesha.

Kulungu wa miski alihitaji subira. Jioni mbili tuliketi msituni bila kumwona. Siku ya tatu akatoka: masikio makubwa, hana pembe, meno mawili yamechomoza chini ya mdomo. Miski yake imemfanya awindwe miaka mingi, na kumwona akitembea bila woga hatua 20 kutoka nilipoketi kulinitoa machozi.

Chui wa theluji yumo hifadhini, lakini usifunge safari kwa ajili yake.

Vyumba ni baridi sana. Kuni za hifadhi zinalindwa, kwa hiyo jiko la sebuleni huwashwa jioni tu kwa mavi makavu ya yak. Beba mfuko mzito wa kulalia. Na darubini! Yangu niliiacha Kathmandu kupunguza mzigo, nikawa naazima ya kiongozi kila mnyama alipotokea.