Michezo ya mezani kwa wikendi na marafiki: uliza karata kabla ya kuuliza bei

Msomaji wa Tanga ameniletea picha ya karata zake baada ya masika moja. Zimejikunja zote, ukizipanga mezani rundo linamwagika lenyewe. Mwingine wa Unguja analalamika kuwa karata moja kwenye mchezo wake imepinda kuliko nyingine, kwa hiyo kila aliyeketi mezani anajua nani kaishika. Mchezo wa kufichana umekwisha hapo hapo.

Miongozo mingi ya kununua michezo hii ya kisasa inahangaika na umri wa wachezaji, dakika na idadi ya watu, mambo ambayo tayari yameandikwa ubavuni mwa kasha. Karata zimetengenezwa kwa kitu gani? Haulizi mtu. Sisi tunaoishi na hewa ya bahari tuanzie hapo. Karatasi hunywa unyevu, na kama pande mbili za karata hazikupakwa sawasawa, upande mmoja hutanuka kuliko mwenzake na karata inajikunja. Kadibodi nayo huvimba, kisha tabaka zake zinaanza kuachana kwenye pembe. Basi nimeipanga michezo hii kwa swali moja: utaweza kuucheza Ijumaa usiku mpaka Jumapili jioni, madirisha wazi na feni inazunguka, na mwakani ukautoa kabatini ukiwa mzima?

Wa kwanza ni Azul, na sifichi kwamba naupendelea. Aliyeubuni ni Mjerumani Michael Kiesling. Ulitoka 2017, na mwaka 2018 ukachukua Spiel des Jahres, tuzo kubwa ya michezo ya Ujerumani. Hauna karata hata moja. Ndani kuna vigae 100 vya plastiki nzito, rangi tano, 20 kila rangi, na mfuko wa kitambaa wa kuchotea. Ukitia mkono mfukoni unasikia vinagongana kama kete za dhumna barazani, na vina uzito unaoufanya mkono utake kurudi. Kazi yako ni kujenga ukuta wa mapambo kama ya vigae vya Kireno, na unachochukua wewe ndicho anachokosa jirani yako, kwa hiyo ugomvi haukosekani. Hakuna neno la kusoma wakati wa kucheza. Shangazi asiyejua Kiingereza anakaa na kuwashinda. Kasoro ipo: mbao za wachezaji ni za kadibodi, na kidude cha kuhesabia alama kinakaa juu yake bila kushikwa na chochote. Kiwiko kimoja cha anayepokea juisi, hesabu imepotea. Andikeni alama daftarini. Na kama tayari mnao, Azul ya Summer Pavilion ya 2019 imetengenezwa kwa moyo ule ule. Ni wa watu wawili hadi wanne.

Wa pili ni Qwirkle wa Susan McKinley Ross wa Marekani, uliotoka 2006. Vipande 108 vya mbao, maumbo sita, rangi sita, hakuna ubao wala karata. Unachezeka hata mkekani. Angalizo langu ni taa: usiku chini ya balbu hafifu, nyekundu na rangi ya chungwa zinafanana, na hapo watu wanatuhumiana bure.

Mkiwa watano, chukueni Ticket to Ride wa Alan R. Moon wa 2004. Mabehewa ni ya plastiki na hayana shida. Shida ni karata, maana ndizo zinazolipa nauli ya kila njia ya reli. Nunua na mifuko ya plastiki ya kuzivika, pima ukubwa wa karata kwanza, na gharama hiyo uihesabu kwenye bei. Kuna ramani ya Afrika ya 2012 inayouzwa peke yake, na wauzaji wengi hawakwambii kwamba bila mabehewa na karata za kasha la msingi huchezi.

Catan wa Klaus Teuber, wa 1995, mtaniuliza tu. Nauheshimu, ndio uliofungulia wengi mlango. Lakini kisiwa chake ni vipande 19 vya kadibodi vinavyotakiwa kulala sawa ndani ya fremu, na vikivimba kidogo tu kisiwa hakifungi. Ongeza karata za mali zinazopita mikononi mwa kila mtu usiku kucha. Kwa Arusha au Nairobi, sawa. Kwa Pwani, hapana. Dixit nao, wenye karata 84 kubwa za picha, unapendeza mno kwa watu wanaojua mafumbo, ila kwa unyevu unaanguka kwa sababu hiyo hiyo.

Wa bei rahisi: karata za plastiki tupu, zinazofutika kwa kitambaa. Basi.

Kasha lolote utakalonunua, tia ndani vile vifuko vya chembechembe za kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya.

Sasa wauzaji. Jamani, hii "bei inbox" mtaiacha lini? Mtu anauliza hadharani, anajibiwa faraghani, na rafiki yake akiuliza kasha lile lile anapewa bei nyingine. Kasha limefunguliwa na hamsemi. Kanuni ni za Kijerumani na hamsemi, mpaka mteja afike nazo nyumbani na wageni wamekwisha keti. Nakala bandia nazo zimejaa, vigae vyepesi na rangi zilizotoka nje ya mstari, zinauzwa kwa bei ya halisi. Mteja, omba kasha lifunguliwe mbele yako, chukua karata tano, zilaze juu ya kioo cha kaunta uone kama zinalala. Muuzaji akikataa, nenda duka jingine.