Gemu za mahandaki za kutembea mraba kwa mraba: uanze na ipi?

Kabla hujatoa hela jiulize hivi: ukisimama kufikiri, unataka adui naye asimame? Kwa nje gemu hizi zinafanana. Unaliona handaki kwa macho ya wahusika wako, kila ukibonyeza unasogea mraba mmoja, ukigeuka unageuka nyuzi 90. Ila kwa nyingine saa haisimami, na kwa nyingine kila mtu anangoja zamu yake. Ukichagua vibaya hapo, utaichukia gemu nzuri bure.

Kwangu namba moja ni Legend of Grimrock, ya studio ndogo ya Ufini iitwayo Almost Human, iliyotoka 2012. Imefuata nyayo za gemu ya zamani, Dungeon Master ya 1987, na saa yake haisimami. Wafungwa wanne wanatupwa kwenye shimo kileleni mwa mlima, na njia ya kutokea iko chini kabisa. Wawili wanakaa mbele, wawili nyuma. Wa nyuma mpe mkuki, upinde au uchawi, maana upanga wake haufiki. Mnyama akija usikabiliane naye kibubusa. Mpige, sogea mraba mmoja pembeni, na wakati yeye anahangaika kugeuka, mpige tena. Nafasi ya miraba minne inakutosha kumzungusha mpaka aanguke. Mafumbo nayo yamepangwa na mtu mwenye akili: kuna kigae sakafuni, ukikikanyaga lango linafunguka, ukitoka linajifunga. Tafuta jiwe, liweke juu yake, pita. Ramani inajichora yenyewe, lakini ukitaka kuonja shida ya wazee unaizima tangu mwanzo na kuchukua daftari la miraba la shuleni.

Ya pili yake, Legend of Grimrock 2 ya 2014, inakutoa nje kwenye kisiwa. Ni kubwa na tamu, ila mafumbo yake ni magumu zaidi, kwa hiyo usianze nayo.

Kama wewe ni mtu wa zamu, nenda World of Xeen. Hii ni gemu mbili za mfululizo wa Might and Magic, ya nne (1992) na ya tano (1993), zilizotengenezwa ziungane: kila moja ni upande mmoja wa dunia ileile, na ukiwa nazo zote unapata kazi ambazo hakuna iliyo nazo peke yake. Una kikosi cha watu sita, rangi zinawaka, utani haukosi. Kwa umri wake, hakuna inayochezeka kirahisi kama hii.

Lands of Lore ya 1993 naiweka ya tatu. Picha zake za kuchora bado zinapendeza, ramani ipo, na toleo la CD lina sauti ya mwigizaji Patrick Stewart kama mfalme. Saa haisimami.

Wizardry ya kwanza ilitoka 1981. Digital Eclipse waliisuka upya na kuikamilisha 2024, na ukipenda inakuonyesha skrini ya kompyuta ya zamani ya Apple II pembeni huku unacheza. Ni ya zamu, na haina huruma hata kidogo: mtu akifa unampeleka hekaluni, ufufuo ukishindikana anakuwa majivu, ukishindikana tena umempoteza moja kwa moja. Wenye hasira za karibu waiache.

Eye of the Beholder (1991) ina jina kubwa, lakini naiweka mwisho. Haina ramani, nafasi ya kuhifadhi mchezo ni moja tu, na kwenye toleo la DOS, ule mfumo wa zamani wa kompyuta, ukimaliza unapewa maneno machache kisha unarudishwa kwenye DOS. Jasho lote lile!

Za zamani zinunue GOG, duka la gemu la mtandaoni: unapakua faili la kusakinisha, unalitunza kwenye flashi, na baadaye huhitaji bando ili kucheza. Walioko Kenya wanaweza kulipa kwa kadi ya Visa ya M-Pesa GlobalPay. Subiri punguzo, haliishi kuja.

Mwenye mashine ya Nintendo Switch atafute Etrian Odyssey, ya zamu, ambamo ramani unaichora mwenyewe ndani ya gemu. Mkusanyo wa tatu za kwanza ulitoka 2023 kwa dola 80. Bora ununue moja kwa dola 40 uone kama kuchora kunakufaa.