Kideki cha USB cha elfu 85 na kanda za dansi za baba

Nimekitumia miezi saba na nimepitisha kanda 42. Ni kile kideki kidogo cha kijivu cha kugeuza kaseti kuwa faili za kompyuta, ukubwa wa walkman, chenye tundu la USB na tundu la hedifoni, kinachouzwa Kariakoo kwenye boksi lisilo na jina la maana. Nilikinunua shilingi 85,000. Kama unataka kuwashirikisha wenzako nyimbo zilizofungiwa ndani ya kaseti, kinunue. Kama unataka nakala ya mwisho, ile itakayobaki kanda ikishaoza, hiki usikitegemee.

Kanda ni za marehemu baba. Alikuwa mtu wa Msondo tangu ikiitwa NUTA Jazz, bendi iliyoanza mwaka 1964. Ikawa JUWATA, ikawa OTTU, yeye yupo tu. Lakini sanduku lake lina kanda nyingi za Sikinde, yaani Mlimani Park, kuliko za Msondo, jambo ambalo mbele ya Wanamsondo wenzake hakulitamka. Naelewa kwa nini. Mlimani Park ilipoanzishwa mwaka 1978, waimbaji Gurumo na Bitchuka walikwenda huko, na sauti alizozipenda zilipohama, naye alizifuata na redio kaseti yake mkononi.

Baadhi ya kanda hizo alizinasa kutoka RTD, Redio Tanzania Dar es Salaam, na nyimbo zake wapenzi wengi wa zilipendwa wanazo. Ninazozithamini ni zile alizorekodi mwenyewe ukumbini, Amana na DDC Kariakoo, redio kaseti ikiwa juu ya meza. Unasikia chupa zinagongana, viti vinaburuzwa, mtu anapiga mluzi solo linapoingia. Mwimbaji anawasalimia waliokuja, mmoja mmoja, kwa majina. Halafu chemko, ile sehemu ya mwisho ya wimbo inayochangamka, linaanza na hakuna anayeonekana kuwa na haraka ya kulimaliza. Muziki wa namna hiyo haumo kwenye maktaba ya redio yoyote. Ulipigwa usiku mmoja ukaisha, ukabaki kwenye utepe wa baba.

Sisi wapenzi wa dansi tunaosikiliza pamoja tuko kumi na wanne. Jumapili ya mwisho wa mwezi tunakutana Magomeni, kibarazani kwa mzee mmoja aliyepiga besi enzi hizo. Walio mbali, Morogoro, Tanga na mmoja Muscat, tunawarushia kwa WhatsApp. Kila mtu analeta wimbo mmoja, na hakuna ruhusa ya kusema mpaka chemko liishe. Kabla ya kideki hiki nilikuwa naweka simu mbele ya spika na kurekodi, kwa hiyo mtu wa Muscat alikuwa anapata Sikinde pamoja na feni yetu na jogoo wa jirani.

Wimbo wa kwanza nilioupitisha kwenye kideki niliupeleka kibarazani kwa furaha kubwa. Ulipoisha, mzee alinyamaza kidogo, kisha akaniambia, "Mwanangu, waimbaji hawa nimesimama nao jukwaa moja. Sauti zao si nyembamba hivi." Akaagiza gitaa lake ndani, akaomba wimbo urudiwe, akapiga nao. Gitaa na wimbo havikukutana. Wimbo ulikuwa juu kwa nusu sauti.

Kumbe kideki kinakimbia. Mwenzetu mmoja alikuwa na wimbo uleule kutoka redioni, tukapima: kwake dakika 9 na sekunde 10, kwangu dakika 8 na sekunde 39. Kanda ya kaseti inatakiwa kupita sentimita 4.76 kwa sekunde. Ikizidi hapo, muziki unaharakishwa na sauti za watu zinapanda. Ungekuwa wimbo mmoja ningesamehe, lakini nilikuwa nimeshapitisha kanda kumi na moja, na zote ilibidi nizirudie.

Nilikirudisha dukani. Muuzaji akasema kinawaka, kinaimba, kwa hiyo kizima. Iliniudhi na bado inaniudhi, kwa sababu mtu anayeuza kifaa cha muziki angalau angekisikiliza. Fundi redio wa mtaani kwetu ndiye aliyeniokoa. Alikifungua akanionyesha nyuma ya mota kitundu kidogo, ndani yake kuna skrubu ya kurekebisha mwendo. Aligeuza kwa bisibisi ya saa, kidogo sana, huku tukisikiliza wimbo ambao urefu wake tunaujua. Alinitoza 5,000. Ukinunua kideki cha aina hii, pima mwendo wake kabla ya kupitisha kanda hata moja.

Siku hiyohiyo alinifundisha jambo la pili. Kando ya hedi, yaani kichwa kinachosoma utepe, kuna skrubu nyingine ndogo. Hedi ikikaa mshazari, sauti za juu zinafifia na unasikiliza bendi kama iko chumba cha pili na mlango umefungwa. Nilipogeuza polepole, matoazi yalitokea, yakafuata magitaa ya rizim ambayo kwenye kanda ile sikuwahi kujua kama yapo mawili. Nilirudia kipande kile mara sita.

Kideki kina kitufe cha kukata nyimbo chenyewe kinapokutana na kimya. Achana nacho. Kanda za zamani zina mvumo usioisha, kwa hiyo hakioni kimya, unapewa faili moja la nusu saa. Na kanda iliyorekodiwa kwa sauti ndogo kinaikata katikati ya ubeti. Mimi nachomeka kwenye laptopu, narekodi kwa programu ya Audacity, ambayo ni ya bure, nakata mwenyewe, kisha natuma WhatsApp kama faili.

Tatizo kubwa ni kwamba kinameza utepe. Kimenimezea kanda mbili. Moja niliiokoa kwa kalamu na subira, nyingine ilikunjika kama sekunde nne za saksafoni, na hizo hazitarudi. Tangu hapo nasafisha hedi na roli ya mpira kwa pamba yenye spiriti kila baada ya kanda tatu, na kila kanda naipeleka mbele mpaka mwisho na kuirudisha nyuma kabla ya kuipiga. Hakijameza tena.

Mwezi wa nne nilileta kanda ambayo baba ameiandika kwa wino wa bluu "Amana, Pasaka 84". Wazee walibishana nani anapiga solo, na mpaka leo hawajakubaliana. Katikati ya salamu za mwimbaji, mama mmoja anayekuja na mumewe, ambaye kwa kawaida huwa hasemi kitu, aliinua mkono akaomba nirudishe nyuma. Nikarudisha. Akaomba tena. Mara ya tatu akasema jina lililotajwa pale ni la kaka yake, aliyefariki zamani, na kwamba hakujua kama alikuwa mtu wa dansi. Usiku ule nilimtumia kipande kile peke yake, sekunde kumi na mbili.

Zimebaki kanda 21. Kumi na saba nitazimaliza kwa kideki hiki, nimeshakizoea. Nne ni C-120, zile za dakika 120, na utepe wa C-120 ni mwembamba mno, sitathubutu kuutia humu baada ya yale ya saksafoni. Mojawapo ni ya DDC Kariakoo, pande zote mbili, na sijawahi kuisikia. Mwenye deki kubwa ya nyumbani hapa Dar, inayovuta vizuri na hedi yake haijalika, aniambie. Nitakuja na laptopu, pamba na spiriti, na nakala ya kwanza itakuwa yake.