Ripoti ya Mauzo ya Konsoli: Rekodi Zinatangazwa, Siku Hazitajwi

Wadau, karibuni tena kwenye chaneli. Leo hakuna boksi la kufungua. Bidhaa iliyo mezani ni ile ripoti ya kila mwezi ya mauzo ya konsoli, zile mashine za kuchezea magemu, na magemu yenyewe huko Marekani, inayotolewa na Circana, kampuni ya utafiti wa soko, ambao wengi wenu mliwazoea kwa jina la NPD hadi mwaka 2023. Kila ikitoka, sehemu ya maoni hapa chini inawaka moto. Wa PlayStation ya Sony wanakuja na picha ya chati, wa Nintendo wanakuja na yao, wa Xbox ya Microsoft wanaulizwa mko wapi. Na safari hii nimekasirika kweli, kwa sababu tunatoana macho kwa kipimo ambacho wengi wetu hatujawahi kuuliza kinapimaje.

Namna wanavyokusanya taarifa madukani naruka, mmeisikia mara nyingi. Nakwenda moja kwa moja kwenye kinachonichoma: kalenda yao.

Mwezi wa ripoti hii haufuati kalenda iliyo ukutani kwako. Unafuata kalenda ya biashara ya rejareja, inayokwenda wiki 4, wiki 4, wiki 5, kisha inaanza upya. Kwa kawaida Januari wiki 4, Februari wiki 4, Machi wiki 5. Juni nayo 5, Septemba 5, Desemba 5. Sasa mtu anakuja anashangilia, "Machi mauzo yamepanda asilimia 25 kuliko Februari!" Ndugu yangu, Februari yao ina siku 28, Machi yao ina siku 35. Gawanya mwenyewe. Hiyo asilimia 25 ni wiki moja iliyoongezeka. Hakuna konsoli iliyopendwa zaidi, hakuna gemu iliyovuta watu, ni siku tu.

Tulieni hapa, maana nataka mlione hili kwa macho. Naandika kwenye skrini, mkono wa kushoto PS4, yaani PlayStation 4, mkono wa kulia Switch 2 ya Nintendo.

PS4 ilitoka Marekani tarehe 15 Novemba 2013. Mwezi wa ripoti ukafungwa tarehe 30. Hesabu kuanzia 15 mpaka 30, zote mbili zikiwemo: siku 16. Ndani ya siku hizo 16 ziliuzwa konsoli milioni 1.1, na hiyo ikakaa kileleni kwa miaka mingi kama mwezi bora wa uzinduzi. Kulia sasa. Switch 2 ilitoka tarehe 5 Juni 2025. Juni ni mwezi wa wiki 5, ukafungwa tarehe 5 Julai. Siku 31. Mauzo milioni 1.6, rekodi mpya, vichwa vya habari kila kona.

Mmeona? Siku 16 dhidi ya siku 31. Karibu mara mbili. Nikigawanya, kushoto napata kama konsoli 69,000 kwa siku. Kulia napata kama 52,000 kwa siku. Rekodi imevunjwa, ni kweli, na aliyeivunja ana kasi ndogo kwa siku kuliko aliyevunjiwa. Yote mawili ni kweli kwa wakati mmoja, na moja tu ndilo lililoandikwa.

Subirini, mashabiki wa Nintendo msianze kunirushia mawe. Sijasema PS4 ilishinda. Konsoli mpya huuza zaidi siku za mwanzo, wale waliosubiri kwa hamu wakishanunua kasi inashuka. Kwa hiyo zile siku 15 za ziada za Switch 2 ni siku dhaifu, zinaivuta wastani chini. Tena ndani ya zile siku 16 za PS4 imo Black Friday, siku ambayo maduka ya Marekani yanafurika. Wastani wa kwa siku nao unamwonea Nintendo. Ninachosema ni kwamba kwa namba hizi mbili peke yake hakuna anayeweza kumshinda mwenzake kihalali, na bado watu walibishana nazo kiangazi kizima.

Geukeni Japani mwone kazi inavyofanywa. Famitsu, jarida la magemu la huko, wanatoa mauzo kila wiki, kwa vipande, yaani idadi ya konsoli zilizouzwa, mpaka tarakimu ya mwisho. Switch 2, wiki ya kwanza: 947,931. Switch ya kwanza, Machi 2017, wiki ya kwanza: 330,637. Nami siachi, naangalia siku. Switch ya 2017 ilitoka Ijumaa, wiki ikafungwa Jumapili, siku 3. Switch 2 ilitoka Alhamisi, siku 4. Gawanya. Ya zamani kama 110,000 kwa siku, mpya kama 237,000 kwa siku. Zaidi ya mara mbili hata baada ya kusawazisha siku! Huo ndio ushindi, shabiki wa Nintendo shika huo ukatambe nao. Una nguvu kuliko ile rekodi ya Marekani, na sababu ni kwamba namba imekuja na wiki yake, yeyote anaweza kuikagua. Famitsu nao wana pengo, magemu ya kupakua hawayahesabu, lakini angalau unajua pengo liko wapi.

Halafu kuna suala la vipande kufichwa. Zamani NPD walikuwa wanatoa hadharani idadi ya kila konsoli kila mwezi. Tangu mwaka 2010 mlango ule ukafungwa. Tunachopata sana sana ni nani kaongoza, na asilimia. Idadi kamili ya konsoli moja mara nyingi inatajwa pale panapokuwa na rekodi ya kusherehekea, kama ile milioni 1.6. Mwezi mbaya ni nadra kupewa. Microsoft nao tangu 2015 waliacha kutangaza idadi ya Xbox wanazouza, na mimi naona hiyo ni dharau kwa mashabiki wao wenyewe. Sony na Nintendo angalau kila robo mwaka wanaweka mezani.

Ingawa na hizo za robo mwaka, angalieni. Ni konsoli zilizotoka kiwandani kwenda kwa wauzaji, si zile zilizofika sebuleni kwa mtu. Mpaka mwisho wa Septemba 2025 Nintendo waliandika Switch ya kwanza milioni 154.01 na DS, konsoli yao ya zamani ya mkononi, milioni 154.02. Tofauti ya konsoli 10,000 hivi, na watu wakakesha wakibishana nani mfalme wa Nintendo. Tofauti hiyo inaweza kuwa imekaa kwenye rafu za maduka!

Nigusie bei, maana inaharibu chati hii kuliko mnavyodhani. Jumla ya mauzo ya konsoli inatangazwa kwa dola zilizokusanywa. Xbox Series X ilianza 2020 kwa dola 499, kufikia Oktoba 2025 ikawa dola 649.99. PS5 ya diski nayo ikapanda Agosti 2025 kutoka dola 499.99 hadi 549.99. Chukua mfano wa darasani: konsoli milioni 1 kwa dola 500 ni dola milioni 500. Konsoli 770,000 kwa dola 650 ni dola milioni 500 na ushee. Kwenye chati ya dola hakuna kilichobadilika. Kumbe wachezaji 230,000 hawapo. Tulizoea konsoli kushuka bei kadiri inavyozeeka, kizazi hiki kinakwenda kinyume, na kipimo cha dola kinaifunika hali hiyo vizuri kabisa. Mimi nataka vipande. Dola ni habari ya wanahisa.

Kwa magemu nitakuwa mfupi. Nintendo hawawapi Circana mauzo yao ya kupakua, ndiyo maana gemu zao zina kinyota pembeni. Mtu akikwambia gemu ya Nintendo imefeli kwa sababu iko nafasi ya nane, mwonyeshe kinyota. Na gemu inayoingia Game Pass, huduma ya Microsoft ya kulipia kila mwezi na kucheza magemu mengi, siku ya kwanza inachezwa na watu ambao hawakuinunua. Gemu ya Starfield mwaka 2023 ilipita wachezaji milioni 10, na neno lililotumika lilikuwa wachezaji, si wanunuzi. Chati haina mahali pa kuwaweka watu hao.

Sasa mtaniuliza, kama ni mbovu hivyo, mbona kila mwezi unaisoma? Kwa sababu ndiyo pekee inayoweka kampuni zote tatu kwenye ukurasa mmoja, Marekani, soko kubwa kuliko yote ya konsoli. Na ukilinganisha Juni na Juni, Machi na Machi, inafanya kazi vizuri. Mwaka kwa mwaka naiamini. Mwezi kwa mwezi siigusi. Rekodi za uzinduzi siigusi kabisa mpaka nijue tarehe.

Habari ya chaneli. Kuanzia ripoti ijayo tutaichambua mubashara jioni ya siku inapotoka, na kila namba nitakayoiweka kwenye skrini itakuwa na idadi ya siku zake chini yake. Atakayeleta rekodi kwenye maoni, alete tarehe konsoli ilipotoka na tarehe hesabu ilipofungwa, nitaisoma hewani na tutaigawanya pamoja. Wa Xbox, video inayofuata ni yenu, tunakwenda kuona ni nini bado kinaweza kujulikana kuhusu konsoli ambayo mwenyewe hataki kuihesabu hadharani. Bonyeza kengele, tuonane huko.