Kebo na adapta za faiba kwa ajili ya SFP: ipi inunuliwe kwanza, ipi iachwe

Moduli za SFP (vifaa vidogo vya kwenye swichi vinavyogeuza umeme kuwa mwanga na mwanga kuwa umeme) zimeshafika, zimechomekwa, na faiba imeshavutwa hadi kwenye paneli. Kilichobaki ni kile kipande kifupi cha kebo kinachotoka kwenye paneli kuingia kwenye moduli. Kwa kuwa ndicho cha bei ndogo kuliko vyote, huagizwa mwisho tena kwa haraka, na fundi akikuta ncha hazilingani, anatafuta adapta, yaani kipande cha kuunganisha ncha mbili. Nimehangaika na laini nyingi zilizoharibiwa na adapta hiyo, ndiyo maana nazipanga hapa kwa namna ambayo mimi mwenyewe ningenunua.

Anza kwa kutazama mdomo wa moduli. SFP, na ndugu zake wa kasi zaidi SFP+ na SFP28, za faiba karibu zote hutumia LC, kiunganishi kidogo chenye feruli ya milimita 1.25 (feruli ni kile kijiti cheupe cha seramiki kinachoshika uzi wa faiba). Nyingi huwa na matundu mawili, moja la kutuma na moja la kupokea. Ukiona tundu moja tu la LC, hiyo ni BiDi (inatuma na kupokea kwenye uzi mmoja), nayo hununuliwa kwa jozi: upande mmoja ukituma kwa nanomita 1310, wa pili lazima utume kwa wimbi ambalo wa kwanza unalipokea. SC, yenye feruli ya milimita 2.5, utaikuta kwenye moduli za zamani kama GBIC na XENPAK, na kwenye vifaa vya GPON (mtandao wa faiba unaofika majumbani).

Nafasi ya kwanza: kebo yenye ncha mbili tofauti

Paneli ikiwa ya SC na moduli ikiwa ya LC, nunua kebo yenye LC upande mmoja na SC upande mwingine. Zipo tele na hazihitaji oda maalumu. Wengi hawazifikirii kwa sababu wamezoea kuona kebo yenye ncha zinazofanana.

Sababu ya kuipa nafasi hii ni hesabu ya mwanga. Chukua laini ya 10G ya SR (aina ya masafa mafupi) juu ya OM3, ambayo ni faiba ya multimodi, mita 300. Kiwango chake kinaruhusu laini nzima ipoteze desibeli 2.6. Faiba yenyewe inakula desibeli 1 na kidogo, kwa hiyo viungo vyote vinagawana takribani 1.5. Kanuni za kufunga kebo zinaruhusu kila kiungo kipoteze hadi 0.75, hivyo viungo viwili vya kiwango cha chini vinamaliza akiba yote. Kiunganishi kizuri na kisafi hupoteza 0.3 au pungufu, kweli, lakini adapta ya ziada ni kiungo kingine, na ni sehemu nyingine ya vumbi kukaa.

Nafasi ya pili: adapta ya aina moja, ndani ya paneli

LC kwa LC, SC kwa SC. Hapa adapta iko mahali pake. Jambo la kuuliza kabla ya kununua ni bomba la ndani linaloshika feruli mbili ziangaliane. Kwa singomodi (faiba ya masafa marefu) chagua la seramiki, usichukue la shaba. Kiini cha faiba hiyo ni mikroni 9 tu, na bomba likilegea kidogo mwanga unakosa njia.

Nafasi ya tatu: adapta ya kubadilisha umbo

Ni ile yenye LC dume huku na SC jike kule. Iweke kwenye mkoba wa vipimo, kwa sababu inafaa sana kuunganisha kifaa cha kupimia kwa dakika kumi. Usiiache ikining'inia kwenye moduli. Inachomoza nje, inagongwa na mlango wa kabati, na uzito wake wote unabebwa na mdomo wa SFP.

ST na FC, viunganishi vya zamani, zinunue tu kama paneli ya zamani inakulazimisha, na hata hapo chukua kebo ya ST kwenda LC.

Kosa ambalo plastiki haitakuzuia

Niliwahi kuitwa kwenye jengo ambako laini ya 10G ya LR (aina ya masafa marefu) ilikuwa inawaka na kuzima kutwa nzima. Moduli ilisoma mwanga unaopokelewa ukicheza kati ya -14 na -15 dBm (kipimo cha nguvu ya mwanga), na kikomo cha chini cha LR ni -14.4. Moduli zilikuwa zimeshabadilishwa mara mbili. Kwenye paneli nikakuta ncha ya SC ya kijani imechomekwa kwenye adapta ya buluu. Imeingia vizuri, imelia "tak" kama kawaida.

Kijani ni APC, ambayo ncha yake imesuguliwa kwa mshazari wa digrii 8. Buluu ni UPC, isiyo na mshazari. Zikikutana zinaacha pengo la hewa katikati, na mwanga unapotea. Kebo ya rangi sahihi ilipowekwa, usomaji ukapanda hadi -9 na laini ikatulia.

Moduli za SFP zenye LC zinataka UPC. Kama paneli yako ni ya kijani, jibu ni kebo yenye SC/APC upande wa paneli na LC/UPC upande wa moduli. Adapta yoyote unayoijua haiwezi kubadilisha mshazari.

MPO ina sheria zake

Moduli za QSFP (kubwa kuliko SFP) za SR4 hutumia MPO, kiunganishi kimoja kinachobeba nyuzi nyingi za faiba; hapa ni nyuzi 12, ambapo 8 ndizo zinazofanya kazi. Moduli ndiyo yenye pini, kwa hiyo kebo iwe jike. Kuunganisha moduli kwa moduli moja kwa moja, agiza mpangilio wa nyuzi wa aina B. Ukikosea hapo, mwanga wa kutuma unakutana na mwanga wa kutuma.

Pamoja na kebo, agiza kalamu ya kusafishia ya saizi ya feruli yako, 1.25 au 2.5, na uisafishe hata ncha mpya iliyotoka kwenye mfuko. Na kama moduli ni ya ER, ya kilomita 40, na laini yako ni fupi, ongeza kipunguza mwanga: mpokeaji wake hatakiwi kupata zaidi ya -1 dBm, ilhali mtumaji anaweza kutoa hadi +4.

Oda iandikwe kwa ukamilifu, mfano: LC/UPC kwenda SC/APC, singomodi OS2 (daraja la faiba), nyuzi mbili, mita 3. Muuzaji akikuuliza "ya kijani au ya buluu?", mjibu kwa kila ncha peke yake.