TAHADHARI: Betri "mpya" za simu isiyo na waya, kumbe ni kuukuu zimevishwa ganda jipya

Jamani, kama simu yako ya nyumbani isiyo na waya imechoka betri, soma hapa kabla hujamlipa mtu.

Yetu ilikuwa inakaa kwenye kitako chake cha kuchajia usiku kucha, taa inaonyesha imejaa, ukiongea dakika tano inalia na kuzima. Nikampata muuzaji mtandaoni, mwenye lugha nzuri. Anauza betri halisi, na ukimkabidhi ya zamani anaipeleka yeye mwenyewe kwenye urejelezaji. Hilo ndilo lililonivuta. Nilikuwa na mbili zilizokufa kabatini na sikutaka kuzitupa ovyo, nikampa zote na kumshukuru.

Aliyoniletea ilikuwa na ganda la buluu linalong'aa: Ni-MH (aina ya betri ya nikeli), volti 3.6, mAh 1500 (mAh ni kipimo cha chaji inayobebwa na betri). Nikaichaji saa 16, kama kijitabu cha simu kinavyoagiza kwa betri mpya. Dakika nne ikazima. Kesho yake naigusa ikiwa kwenye chaji, ya moto hadi nikaiachia. Nikaitoa, nikaiacha ipoe kabisa, kisha nikalichana ganda pembeni, taratibu.

Chini ya buluu kulikuwa na ganda jingine, la njano lililofifia: Ni-Cd (yaani ya nikeli na kadimiamu), mAh 300, na ile alama ya pipa la taka lililokatwa mistari miwili, herufi Cd chini yake. Kwenye maungio ya seli ya katikati (seli ni vijibetri vinavyounganishwa kuunda betri moja) kulikuwa na unga mweupe uliogandamana, yaani ilishavuja. Na juu ya njano, kwa kalamu ya wino mzito, kuna mtu aliandika "Machi 2011". Mtu huyo aliwahi kuitumia nyumbani kwake, ikafa, akaitoa kwa nia njema kama mimi.

Nilipoipima, ile seli ya katikati ilisoma sifuri. Betri ya volti 3.6 ina seli tatu za volti 1.2 zilizounganishwa mfululizo. Moja ikifa, zilizobaki hubeba chaji isiyo saizi yake, ndipo joto linapopanda. Cd ni kadimiamu, sumu inayoharibu figo. Ndiyo maana alama ile inakataza kuitupa na taka za kawaida, na ndiyo maana haichomwi moto kamwe, kwa sababu moshi wake unaingia kifuani. Mimi nilikuwa naichezea mezani, watoto wanapita.

Nilipomlalamikia muuzaji hakubisha. Akasema ataniletea ya lithiamu ya volti 3.7, "tofauti ni ndogo tu". Tafadhali msikubali hilo! Kitako kilichotengenezwa kwa ajili ya betri za nikeli hakijui pa kusimama kinapochaji lithiamu. Inaweza kuvimba na kuwaka. Wala usiweke betri kavu za kawaida za volti 1.5, hazikuumbwa kuchajiwa, zitavuja au kupasuka.

Ukinunua, fuata kilichoandikwa ndani ya kifuniko cha betri cha simu yako: aina, volti, na mpangilio wa waya nyekundu na nyeusi. Plagi zinaweza kufanana huku waya zimegeuzwa. Namba kubwa ya mAh isikutie tamaa. Seli nyembamba za saizi ya AAA (kama betri ndogo za rimoti), hata za watengenezaji wazuri, hazivuki mAh 1100 hivi, kwa hiyo ile 1500 ilitakiwa inishtue mapema. Tazama pia pale waya zinapotokea: ukiona ganda mbili, moja juu ya nyingine, irudishe hapo hapo.

Na ile ya zamani usimpe mtu wa namna hii. Ziba ncha za plagi kwa utepe wa gundi ili chuma kisiguse chuma. Ukitaka kukata waya, kata mmoja mmoja na uzibe kila ncha, kwa maana mkasi ukizikata zote mbili kwa pamoja unaziunganisha na cheche zinaruka. Andika IMEKUFA kwa wino usiofutika, au bora zaidi ukwaruze seli zenyewe, maana ganda hubadilishwa. Iweke kwenye chombo cha plastiki, sio kopo la bati, mpaka uifikishe panapokusanywa betri kwa urejelezaji. Kama imevuja, usiishike kwa mkono mtupu. Unga ule unaunguza ngozi na ni hatari zaidi machoni.

Kama umenunua kwa muuzaji anayekuomba ya zamani, ichomoe leo kwenye kitako hata kama bado inafanya kazi, uiguse uone kama ina joto, uangalie pale kwenye waya. Ukikuta njano chini ya buluu, ihifadhi pamoja na risiti. Mimi nimehifadhi yangu.